Kasha la rezista 600: vipande vizuri, pete zinazosomeka pande zote mbili

Kasha hili la rezista, vipande vidogo vinavyopunguza mkondo wa umeme kwenye saketi, liko mezani kwangu mwezi wa nne sasa. Nimelitumia karibu kila siku, nimepima vipande vyake vingi mno, na kimoja kimeniungulia mbele ya macho. Ninayoyaandika hapa yametokana na kazi.

Ni kasha la plastiki angavu lenye vyumba 30. Kila chumba kina rezista 20 zilizoshikwa kwa kanda za karatasi huku na huku, zikakaa kama vipandio vya ngazi, na juu ya karatasi imepigwa thamani yake kwa wino. Ni za utando wa metali, robo wati, mwili wa buluu ya mawinguni, pete tano za rangi zinazoeleza thamani, toleransi (tofauti inayoruhusiwa kutoka thamani hiyo) ya asilimia 1. Zinaanzia omu 10 (omu ni kipimo cha ukinzani) hadi 1M; k ni elfu, M ni milioni.

Nianze na linalostahili sifa, kwa sababu ni kubwa. Rezista zenyewe ni za kweli. Niliuchukua ukanda wa 10k nikapima vyote 20 kwa mita yangu: cha chini kabisa kilisoma 9.95k, cha juu 10.03k. Asilimia 1 ya 10k inaruhusu kuanzia 9.9k hadi 10.1k, kwa hiyo hakuna hata kimoja kilichokaribia mpaka. Kwenye omu 10 ilibidi niwe mwangalifu, maana waya za mita yangu peke yake zikigusanishwa zinasoma omu 0.2, na kwa rezista ndogo namna hiyo asilimia 1 nzima ni omu 0.1 tu. Nilipotoa hizo 0.2, zote zilikaa sawa. Kwenye 1M tahadhari ni nyingine: ukishika miguu yote miwili kwa vidole, mwili wako unaingia sambamba na rezista na mita inashuka. Shika mguu mmoja, mwingine uegemeze mezani kwenye ncha ya mita. Nataja haya kwa sababu nimeona watu wakilalamikia vipande vya aina hii kwamba ni vibovu, na kosa lilikuwa vidoleni.

Miguu ni myembamba kuliko ninavyopenda. Sumaku inainasa, maana yake ndani ni chuma kilichopakwa shaba. Inashika risasi ya kulehemu vizuri na sikupata mguu hata mmoja uliokataa, ila kwenye bredibodi, ubao wa kujaribia saketi bila kulehemu, inajikunja ukisukuma kwa pupa.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike: rangi.

Alama za rangi kwenye rezista zina sababu nzuri sana. Namba iliyochapishwa kwenye kitu cha mviringo chenye urefu wa milimita 6 inaweza kuangalia chini ukishakilehemu, ikafichika maisha yake yote. Pete inazunguka mwili mzima, kwa hiyo vyovyote rezista itakavyolala, unaiona. Watengenezaji wa redio wa Marekani walianza kupatana juu ya rangi hizi tangu miaka ya 1920, zikaingia kwenye kanuni ya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, mwaka 1952, na leo kanuni hiyo inaitwa IEC 60062. Bodi ya zamani na bodi mpya, zote zinasema lugha moja. Naipenda lugha hiyo na ningependa kila anayeanza aijue vizuri.

Mimi niliishika kwa picha, na kila ninayemfundisha nampa picha hiyo hiyo. Anza na giza: nyeusi, hakuna kitu, ni 0. Chini ya miguu yako kuna udongo: kahawia, 1. Halafu inua macho uone upinde wa mvua kwa mpangilio wake: nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7. Juu ya upinde kuna wingu: kijivu 8. Na juu ya wingu kuna mwanga mtupu: nyeupe 9. Unapanda kutoka gizani hadi kwenye mwanga, na njiani umepita kila namba. Dhahabu na fedha haziko kwenye ngazi hiyo. Mara nyingi zinakaa mwisho zikieleza toleransi, dhahabu asilimia 5 na fedha asilimia 10.

Kwenye rezista ya pete nne, zile za mwili wa rangi ya mchanga, pete mbili za kwanza ni tarakimu, ya tatu ni idadi ya sifuri, ya nne ni toleransi. Njano, zambarau, nyekundu, dhahabu: 4, 7, sifuri mbili, yaani 4,700, au 4.7k. Lakini fundi aliyezoea haanzi na pete ya kwanza. Jicho lake linakwenda kwenye ya tatu, kwa sababu hiyo ndiyo inayomwambia yuko mtaa gani. Na hapa Kiswahili kinatusaidia kwa namna ambayo sijaona ikitajwa: pete ya tatu ikiwa nyeusi uko kwenye makumi, kahawia ni mamia, nyekundu ni maelfu, chungwa ni makumi elfu, njano ni malaki, kijani ni mamilioni. Kila rangi ina neno lake. Njano ni laki. Ukiona njano kwenye nafasi ya tatu huna haja ya kuhesabu sifuri kabisa, sema laki na kitu, kisha urudi kwenye pete mbili za kwanza kutafuta hicho kitu.

Kwenye kasha hili mazoea hayo yanavunjika, kwa sababu pete ni tano. Tarakimu ni tatu, sifuri zinahesabiwa kwenye pete ya nne, na toleransi ni ya tano. Ile 4.7k sasa ni njano, zambarau, nyeusi, kahawia, kahawia: 4, 7, 0, kisha sifuri moja, kisha asilimia 1. Mtaa umesogea hatua moja, na kahawia kwenye nafasi ya kuhesabia sifuri sasa ni maelfu badala ya mamia. Jicho lililozoea pete nne linahitaji siku kadhaa kujirekebisha. Hilo si kosa la kasha, karibu kila rezista ya asilimia 1 yenye pete iko hivyo.

Kosa la kasha ni kwamba huwezi kujua pete ya kwanza ni ipi.

Kwenye pete nne hili halitokei, maana dhahabu haiwezi kuwa tarakimu ya kwanza. Ukiiona upande mmoja, unaanza upande wa pili. Kwenye asilimia 1 toleransi ni kahawia, na kahawia pia ni tarakimu 1. Ndiyo maana utaratibu unataka pete ya mwisho iwe pana kuliko wenzake au ikae mbali kidogo nao. Chukua kipande kimoja cha kasha hili ukitazame kwa lenzi. Mwili una vichwa viwili vilivyotuna na kiuno chembamba katikati. Pete ya kwanza imepakwa juu ya kichwa kimoja, ya tano juu ya kichwa kingine, na tatu zimegawana kiuno. Nilipima nafasi kwa kalipa: huku na huku ni sawa kwa kadiri ya uwezo wa kalipa yangu. Upana nao ni mmoja. Kigeuze upande wa pili, umbo ni lile lile.

Sasa soma 10k: kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia. Moja, sifuri, sifuri, ongeza sifuri mbili, asilimia 1. Igeuze: kahawia, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia. Moja, mbili, sifuri, bila kuongeza kitu, asilimia 1. Hiyo ni omu 120, thamani halali ya kila siku, nayo imo ndani ya kasha hili hili. Kipande kimoja, masomo mawili, yote sahihi kwa kanuni, na tofauti kati yake ni zaidi ya mara 80.

Lilinikuta hivi. Nilikuwa nafunga kengele ya tangi la maji: boya linapanda, swichi inafunga, volti 12 zinaingia kwenye transista (swichi ya kielektroniki), kengele inalia. Ingizo la transista linahitaji rezista ya 10k kwenda kwenye hasi ili swichi ikiwa wazi lishuke hadi sifuri, lisibaki likielea bila volti inayojulikana. Mezani palikuwa na vipande vimetapakaa, vya 10k na vya 120, maana asubuhi nilitumia 120 kwa taa nyeupe za LED za volti 5. Nikaokota kimoja, nikasoma kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia, nikalehemu. Nilijaribu kwa kuinua boya kwa mkono. Kengele ililia, nikafurahi, nikaendelea kulishikilia boya nikisikiliza sauti. Kabla sijaliachia nikasikia harufu ya rangi inayoungua.

Hesabu yake ni fupi. Volti 12 juu ya 10k ni miliampia 1.2, joto lisilofika hata wati 0.02. Volti 12 juu ya omu 120 ni miliampia 100, na hiyo ni wati 1.2 ndani ya kitu kilichotengenezwa kubeba robo wati. Mwili wa buluu uligeuka kahawia, kahawia ikawa nyeusi, na moshi mwembamba ukapanda wima. Nilipokata umeme, pete zote tano zilikuwa rangi moja. Nilishika mita, lakini rezista iliyoungua haitoi ushahidi wa kuaminika. Nilijua ilikuwa 120 kwa sababu nilihesabu vilivyobaki mezani na 120 moja ilikuwa imepungua.

Saketi yenyewe ilikuwa inafanya kazi, na hilo ndilo linalonisumbua. Kengele ililia kama ilivyotakiwa. Ningeinua boya kwa sekunde moja na kuliachia, ningefunga boksi na kulipeleka kwenye tangi, na siku tangi linajaa ndipo lingeungua, juu huko, bila mtu karibu.

Baada ya hapo nilikaa na kasha jioni nzima nikigeuza kila thamani ili nijue zipi ni za hatari. 100 haina shida: kahawia, nyeusi, nyeusi, nyeusi, kahawia inasomeka vile vile mbele na nyuma. 1k ikigeuzwa ni 110. 100k ikigeuzwa ni 130. 1M ikigeuzwa ni 140. 220 ni nyekundu, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia. Igeuze upate kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, nyekundu, ambayo ni 10k ya asilimia 2, na kama hujali pete ya mwisho utaipitisha bila wasiwasi. 470 na 4.7k ziko salama kwa sababu zikigeuzwa toleransi inaangukia njano na thamani inaruka hadi gigaomu, namba ambayo hakuna anayeitarajia kwenye bodi ya kawaida. Angalia baadhi ya zile za hatari: 1k, 10k, 100k, 1M, 220. Ndizo tunazozitumia kuliko zote.

Nilijaribu pia programu ya simu ya kusoma rangi. Unaingiza pete moja moja, inakupa jibu. Niliiingizia 10k kinyume, ikanipa 120 bila onyo lolote, na sioni ingefanya nini kingine, kwa sababu ni jibu halali.

Jambo la pili ni rangi ya mwili. Buluu ni mandhari mbaya kwa pete. Zambarau inazama ndani yake na pete ya buluu lazima iwe nzito sana ndiyo ionekane. Kwenye kasha hili buluu ya pete ni nzito vya kutosha, nimeridhika. Lakini kahawia, nyekundu na chungwa zimekaribiana mno. Kahawia kwa kweli ni chungwa iliyofifia. Mwanga ukiwa hafifu, ni rahisi kuzichanganya. Tofauti ya 1k na 100k kwenye kasha hili ni pete ya nne tu, kahawia au chungwa. Chini ya balbu ya mwanga wa njano niliviweka viwili pamoja nikabahatisha. Nilipovipeleka dirishani, vilijitenga mara moja. Tangu siku hiyo taa ya meza yangu ni nyeupe, na nikiwa na shaka naamka niende dirishani. Kamera ya simu ikisogezwa karibu inasaidia kuona pete zilizokaribiana, ila usiiamini kwa rangi, kwa sababu inajirekebishia mwanga yenyewe.

Kijana ninayefanya naye kazi hatofautishi nyekundu na kijani tangu kuzaliwa. Kwake 2 na 5 ni rangi moja, na kahawia inajiunga nazo. Amejifunza kutosoma pete kabisa. Anavuta kipande kwenye ukanda, anagusisha mita, anasoma, analehemu. Kwa muda mrefu nilidhani ananichelewesha. Nilipoanza kupima kila kipande kama yeye baada ya lile tukio, niligundua inachukua sekunde tatu, na katika miezi hii yote hajawahi kuweka thamani isiyo yake. Kumbuka tu kupima kabla ya kulehemu. Rezista ikishakaa kwenye bodi, vitu vilivyo sambamba nayo vinashusha usomaji. Ikibidi, inua mguu mmoja kwanza.

Ndani ya mfuniko kuna karatasi ya rangi. Hii ndiyo sehemu niliyoikasirikia hasa, kwa ajili ya wanaoanza. Mfano pekee uliochorwa ni rezista ya pete nne yenye dhahabu mwishoni. Ndani ya kasha zima hakuna hata rezista moja ya pete nne. Mwanafunzi akiifuata karatasi hiyo kwenye 10k ya humu, atasoma kahawia, nyeusi, halafu nyeusi kama idadi ya sifuri, apate omu 10, kisha pete ya tano asijue aiweke wapi. Kubandika mchoro mmoja wa pete tano kusingewagharimu kitu. Nimechora wa kwangu nikaubandika juu ya wao.

Thamani zilizochaguliwa zina mapengo. Mfululizo wa E12, ule wa 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68, 82, unahitaji thamani 61 kutoka omu 10 hadi 1M, kwa hiyo kasha la 30 lazima liache nusu. Naelewa. Sielewi kwa nini waliweka 4.7k na 5.1k zote mbili, zilizokaribiana hivyo, halafu wakaacha 1.5k na 15k. Unaweza kuunganisha 1k na 470 upate 1.47k, au 10k na 4.7k upate 14.7k, na mara nyingi inatosha. Ila ni viungo viwili mahali pa kimoja.

Kwa mtu anayetengeneza vitu na ana mita, nalipa nyota nne kati ya tano. Usahihi wake ni wa kutegemewa na kanda zimebana vizuri. Kwa mtu anayejifunza rangi kwa mara ya kwanza, nalipa mbili. Huyo namshauri atafute kwanza kifurushi cha pete nne, mwili wa rangi ya mchanga, asilimia 5. Dhahabu itamwonyesha mwisho uko wapi, pete zitaonekana, na asilimia 5 inatosha kwa karibu kila kitu atakachojenga mwaka wa kwanza. Akizoea mitaa yake, makumi mpaka mamilioni, ahamie kwenye pete tano akiwa na mita mkononi.

Ukiliona kasha la aina hii mahali pengine na unataka kujua kama pete zake zimepakwa kwa kujali, omba ulifungue na utafute ukanda wa 10k. Tazama kipande kimoja kwa karibu. Kama pete ya kahawia ya upande mmoja ni pana kuliko ya upande wa pili, au imejitenga kidogo na zile nne, mpakaji alimkumbuka msomaji. Kama zimelingana kama zangu, ukilinunua usivue kipande kwenye karatasi yake mpaka dakika ya kukitumia. Zangu za 10k na za 120 nimezihamishia pembe mbili za kasha zilizo mbali kabisa, na kipande kikianguka mezani nisikione kimetoka ukanda upi, hakirudi chumbani kabla ya kugusa mita.